Kutafuta Nyaraka za Kiswahili Kwenye Maktaba za Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huniijia karibu kila wiki. Huulizwa na wanafunzi wa vyuo, na walimu, na zaidi na watu wazima wanaotafuta habari za mababu zao, za shamba la ukoo, au za gazeti ambalo marehemu baba alikuwa akilisoma. Wengi wao wameshajaribu mara moja au mbili, wakaambiwa "hakuna matokeo", wakaamini kwamba hakuna. Mara nyingi kipo. Mifano yangu mingi inatoka Internet Archive, ile maktaba iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, kwa sababu haidai ada wala kitambulisho cha chuo. Nitagusa pia HathiTrust, ambayo ni maktaba ya pamoja ya vyuo vikuu, Google Books na maktaba za sheria. Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo: mashine hizi hazijui Kiswahili. Zinajua herufi, basi. Ukishalikubali hilo, namna yako ya kutafuta itabadilika.

Nimeandika swali langu zima, kwa ufasaha, na sikupata kitu. Nimekosea wapi?

Umeuliza kama unavyomuuliza mtu. Kisanduku cha maktaba hakijibu swali, hulinganisha maneno, na mara nyingi hutaka kila neno uliloandika lionekane. Ukiandika "nani alianzisha gazeti la serikali Tanganyika", mashine inatafuta pia "nani" na "alianzisha", maneno ambayo huenda hayamo kabisa kwenye nyaraka unazozitaka.

Usiandike swali, andika maneno yatakayokuwamo kwenye jibu. Gazeti hilo ni Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Hata kama jina hulijui, "Tanganyika" pamoja na "gazeti" na miaka unayoikisia vitakufikisha karibu kuliko sentensi nzima. Anza na maneno mawili au matatu mazito. "Ya", "wa", "na", "kwa" yaache, isipokuwa yakiwa ndani ya jina kamili la kitabu.

Kuna chaguo la kutafuta kwenye katalogi na chaguo la kutafuta ndani ya maandishi. Nichague lipi?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Katalogi ni maneno machache yaliyoandikwa na mtu kuhusu kitabu: jina lake, mwandishi, mwaka, lugha, mada. Maandishi ya ndani ni kila neno la kila ukurasa, kama mashine ilivyolisoma kwenye picha. Internet Archive hukuanzisha kwenye katalogi. Kutafuta ndani ni lazima ubadilishe mwenyewe, kwenye chaguo lililoandikwa "Search text contents". HathiTrust nao wana njia zote mbili. Google Books hutafuta ndani moja kwa moja.

Chukua mfano wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara wa karne ya kumi na tisa. Huyu bwana alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin. Lakini hakuyachapisha kama kitabu. Yalitoka ndani ya jarida la chuo cha lugha za mashariki, *Mittheilungen des Seminars für Orientalische Sprachen*, mwaka 1902 na 1903. Katalogi ya jarida inataja jarida, na haina habari na makala yaliyomo. Kwa hiyo ukiandika "Tippu Tip" kwenye katalogi utapata vitabu vya watu wengine kumhusu yeye, na maneno yake mwenyewe utayakosa. Na hata hivyo vya wengine hutavipata vyote, kwa maana tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Brode, iliyotoka mwaka 1907, imeandikwa "Tippoo Tib" kwenye jalada.

Kuyafikia maneno yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta ndani ya maandishi, kwa jina lake halisi kama Brode alivyoliandika: Hamed bin Muhammed el Murjebi. Ya pili ni kutafuta jarida lenyewe kwenye katalogi, kufungua juzuu za miaka ile miwili, kisha kutafuta ndani ya juzuu. Mimi huipenda njia ya pili, maana nikiwa mle ndani nakuta na mengine ambayo sikuwa nikiyatafuta: mashairi, barua, hadithi za pwani. Anayeona Kijerumani ni kikwazo ajue kwamba W. H. Whiteley aliyachapisha tena masimulizi hayo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la East African Swahili Committee, mwaka 1958 na 1959.

Kwa kifupi: ukijua jina la kitabu au la mwandishi, tumia katalogi. Ukijua jambo, mtu, kijiji au msemo tu, ingia ndani ya maandishi.

Kwa nini nikiandika "mkulima" sipati "wakulima"?

Kwa sababu kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyohusiana. Kwa Kiingereza, maktaba nyingi zimefundishwa kwamba umoja na wingi ni neno moja, kwani tofauti iko mwishoni na ni rahisi kuikata. Kiswahili kinabadilika mwanzoni. Kitabu, vitabu. Mti, miti. Jino, meno. Ukija kwenye kitenzi ndiyo balaa: analima, walilima, hawajalima, kulimwa, limeni. Sisi tunaisikia "-lim-" katika yote, mashine haiisikii.

Dawa yake ni kuorodhesha. Andika maumbo unayoyatarajia na uyatenganishe kwa OR, kwa herufi kubwa:

mkulima OR wakulima OR kilimo

Kinyota husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo "kilim*" italeta kilimo na pia Kilimanjaro, jambo linalokukumbusha kukitumia kwa uangalifu. Kinyota mwishoni mwa neno hufanya kazi vizuri. Mwanzoni mwa neno, pale ambapo sisi ndipo tunapokihitaji, maktaba nyingi hukikataa au hukwama. Ndiyo maana napendelea nomino kuliko vitenzi: nomino ina maumbo mawili, kitenzi kina mamia. Ukitafuta habari za uvuvi, usiandike "kuvua". Andika mvuvi, wavuvi, uvuvi, na majina ya vyombo: ngalawa, mtumbwi, dau, mashua. Majina ya vitu hayabadiliki sana, na mtu aliyeandika kuhusu uvuvi bila kutaja chombo chochote ni nadra.

Usisahau kiambishi "-ni". Aliyeandika "sokoni" hakuandika "soko", na aliyeandika "Mvita" huenda kwingine aliandika "Mvitani".

Natafuta maandiko ya kabla ya uhuru. Je, tahajia ilikuwa tofauti?

Ilikuwa tofauti sana. Kiswahili sanifu kina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani: mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kiwe msingi ulifanyika mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kabla ya hapo kila mtu aliandika kama alivyosikia na kama lugha yake ilivyomzoesha.

Jina la lugha yenyewe ni mfano mzuri. Kamusi ya Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, inaiita Suahili. Carl Velten, aliyechapisha Göttingen mwaka 1903 kitabu kikubwa cha desturi za watu wa pwani, aliandika Wasuaheli. Kwa Kifaransa utakuta "souahéli" na "swahili" pia. Kiswahili cha Kongo kwa muda mrefu kiliandikwa kwenye vitabu kwa jina la Kingwana, na anayetafuta maandiko ya Kisangani au Bukavu bila kuijaribu Kingwana anaacha nje rafu nzima.

Kuna mabadiliko machache ambayo ukiyazoea yatakusaidia kila siku. Maneno ya asili ya Kiarabu yalibakiwa na "kh": khabari, kheri, khalafu. Kaskazini mwa pwani, njia ni ndia na nchi ni nti. Utenzi ni utendi. Lile shairi refu la Mwengo bin Athumani, linalohesabiwa kuwa la mwaka 1728, utalikuta kama Utendi wa Tambuka, kama Utenzi wa Tambuka, na kama Chuo cha Herekali, na katalogi moja haitakwambia kwamba majina hayo ni ya kazi moja. Jaribu yote matatu.

Kuna na ile alama ndogo ya ng'ombe na ng'ambo. Baadhi ya mashine hulikata neno hapo na kuliona kama maneno mawili, nyingine hutofautisha alama iliyonyooka na ile iliyopinda. Jaribu ng'ombe, ngombe, na "ng ombe" ndani ya alama za kunukuu.

Na majina ya miji na watu?

Majina ndiyo mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu hata Mzungu aliyeandika kwa lugha yake hakuweza kuutafsiri mji. Aliuandika tu kwa masikio yake. Mjerumani aliandika Sansibar, Daressalam, Muansa, Moschi, Kilimandscharo, Udschidschi. Ukishajua kwamba "sh" kwake ni "sch" na "j" ni "dsch", unaweza kukisia majina mengine mwenyewe. Mreno aliandika Quiloa kwa Kilwa, Mombaça, Melinde.

Kwa watu, mfano wangu ni Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, unalitaja fuvu lake kwa tahajia tunayoijua: Mkwawa. Lakini maofisa wa Kijerumani waliopigana naye hadi kifo chake mwaka 1898 waliandika Quawa. Mwanafunzi wa Iringa anayetafuta "Mkwawa" peke yake atapata Waingereza na maandiko ya baadaye, na atakosa karibu kila kilichoandikwa na watu waliokuwa wakimwinda. Hilo linabadilisha historia atakayoiandika, na ndiyo sababu nalirudia kwa kila anayenisikiliza.

Nchi nazo zilibadilika majina. Kabla ya 1919, tafuta "Deutsch-Ostafrika" na "German East Africa". Baada yake, Tanganyika. Tanzania ni kuanzia 1964. Kwa Kenya, kabla ya 1920 ni "East Africa Protectorate".

Nitafute kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa vyote viwili, lakini kila kimoja mahali pake. Ndani ya maandishi, tumia lugha ya kitabu. Kwenye katalogi, tumia Kiingereza hata kama kitabu ni cha Kiswahili. Sababu ni kwamba katalogi nyingi kubwa hufuata mada zilizopangwa na Library of Congress ya Marekani, ambayo tangu 1966 ina ofisi Nairobi ya kukusanya machapisho ya ukanda wetu. Kitabu cha mashairi kilichochapishwa Dar es Salaam, bila neno moja la Kiingereza ndani yake, kitakuwa kimewekwa chini ya "Swahili poetry". Mada nyingine za kukumbuka ni "Swahili language", "Swahili literature" na jina la nchi likifuatiwa na "History".

Ukipata kitabu kimoja kizuri, tazama mada zilizoandikwa chini yake na ubonyeze mojawapo. Utapelekwa kwa ndugu zake wote. Hii ni mbinu ya tangu enzi za kadi za kwenye droo na haijachuja.

Chujio la lugha usiliamini sana. Vitabu vingi vya Kiswahili vimesajiliwa kama vya Kiingereza kwa kuwa vina dibaji ya Kiingereza, au kwa kuwa aliyevipakia hakujali.

Nimepata matokeo elfu nyingi. Nipunguze vipi?

Weka maneno yanayofuatana ndani ya alama za kunukuu: "vita vya maji maji" ni tofauti kabisa na maneno hayo yakiwa yametawanyika. Kisha tumia vichujio vya pembeni, na uanze na mwaka. Mwaka hupunguza kuliko kitu kingine chochote. Kwenye Internet Archive unaweza pia kuandika title: au creator: au subject: mbele ya neno bila kuacha nafasi, kwa mfano title:swahili, nayo itatafuta sehemu hiyo tu ya katalogi. NOT huondoa usichokitaka. Ukitafuta Mombasa na unazamishwa na vitabu vya reli, andika Mombasa NOT railway.

Angalizo moja: mwaka ulioandikwa kwenye magazeti na majarida mara nyingi ni wa toleo la kwanza, au wa siku yalipopigwa picha. Ukichuja kwa mwaka na kitu kikakosekana, ondoa chujio ujaribu tena.

Nina hakika neno limo, nimeliona kwa macho kwenye ukurasa, na mashine inasema halimo.

Nakuamini. Mashine inayogeuza picha kuwa maandishi hukosea, na kwa Kiswahili hukosea zaidi kwa sababu mara nyingi imepangiwa kusoma Kiingereza. Inaona "m" inaandika "rn", inaona "li" inaandika "h". Karatasi ya gazeti iliyofifia huongeza matatizo.

Kwa vitabu vya Kijerumani vya wakati ule kuna taabu ya pekee: vingi vilichapwa kwa zile herufi zenye pembe, ambamo "s" ya katikati ya neno inafanana na "f". Ndiyo maana nikitafuta Sansibar hutafuta pia "Sanfibar", na nimepata kurasa nzuri sana kwa kuandika neno hilo lisilokuwepo duniani.

Njia nyingine ni kuweka alama ya kuuliza mahali pa herufi unayoishuku, kama Ung?ja, pale maktaba inaporuhusu. Au tafuta neno la jirani. Aya inayomtaja liwali wa mji huenda inataja pia boma, kodi, rupia. Ukikosa moja, jingine litakushika.

Na nyaraka zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu?

Hizo huwezi kuzitafuta kwa neno la ndani. Kwa kawaida ziko kama picha tu, na unachotafuta ni maelezo yaliyoandikwa na mtu. Kwa hiyo tafuta mahali, mmiliki au namba. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, kwa mfano, imepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini kupotea, na namba ya mradi ni EAP466. Ukiiandika namba hiyo unafika moja kwa moja, ambapo "Lamu" peke yake ingekuzungusha. SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, nacho kina miswada mingi ya Kiswahili iliyowekwa mtandaoni. Huko tafuta kwa jina la utenzi, kwa tahajia zake zote, na kwa jina la mtu aliyeikusanya miswada hiyo.

Kitabu nimekiona lakini hakifunguki. Kwa nini?

Ni suala la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani, ambako maktaba hizi nyingi ziko, kitabu cha zamani huwa huru miaka 95 baada ya kuchapishwa. HathiTrust huangalia pia uko nchi gani, kwa hiyo kinachofunguka kwa aliye Chicago kinaweza kumfungia aliye Dodoma. Internet Archive huazimisha baadhi ya vitabu vipya kwa saa moja au siku 14 ukiwa na akaunti ya bure. Akiba hiyo ilipungua sana baada ya wachapishaji kuishtaki maktaba na kushinda, kwanza 2023 na tena kwenye rufaa mwaka 2024.

Lakini kitabu kilichofungwa bado kina faida. HathiTrust hukuonyesha kurasa ambamo neno lako limo, hata kama kurasa zenyewe huzioni. Ukijua kwamba jina la kijiji chako liko ukurasa wa 112 na 240, unaweza kumwomba mkutubi wa chuo, au jamaa aliye mji wenye kitabu hicho, akupigie picha kurasa mbili tu. Ombi la kurasa mbili hukubaliwa.

Natumia simu na bando langu ni dogo.

Usipakue PDF kwanza. Kitabu kilichopigwa picha kinaweza kuzidi megabaiti 50. Kwenye Internet Archive, sehemu ya kupakua ina toleo la maandishi matupu, "Full Text", ambalo kwa kawaida ni dogo mara nyingi kuliko hilo. Lifungue, tumia sehemu ya kutafuta kwenye ukurasa ya kivinjari chako, hakikisha neno limo, ndipo uamue kama PDF inakustahili. Au kisomee palepale mtandaoni kwenye kisomeo chao, ukurasa unaoutaka peke yake.

Natafuta jina la babu yangu. Nianzie wapi?

Kama ukoo una mizizi Kenya, anza na Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali linalotoka tangu 1899. Matoleo yake mengi sana yanasomeka yote kwenye Google Books, na unaweza kutafuta ndani. Humo mna matangazo ya mirathi, hati za ardhi zilizopotea, watu waliobadili majina, leseni, uteuzi wa machifu na makadhi. Ni nyaraka kavu kwa kuzitazama, lakini nimewaona watu wakilia mbele ya kompyuta kwa mstari mmoja wa tangazo la mirathi, kwa sababu ulitaja shamba ambalo nyumbani lilikuwa hadithi tu. Tovuti ya Gazettes.Africa inakusanya magazeti rasmi ya nchi nyingi za bara hili, Tanzania ikiwemo.

Jina uliandike kwa kila namna karani angeweza kuliandika. Muhammad ni Mohamed, Mohammed, Mahomed. Athumani ni Othman, Athman, Osman. Karani wa kikoloni hakuandika "bin" kila mara, mara nyingi aliandika "s/o" (mwana wa), na kwa wanawake "binti", "bte", "d/o" (binti wa) au "w/o" (mke wa). Kwa hiyo tafuta jina la mtu na la baba yake bila alama za kunukuu, ili hicho kilichopo katikati kisikuzuie. Ongeza jina la wilaya kama majina yenyewe ni ya kawaida.

Mimi sitafuti historia, nataka sheria na hukumu.

Nenda kwenye tovuti za sheria na hukumu: TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya. Zote ni bure. Kila hukumu ina namba yake: TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania na TZHC ni Mahakama Kuu, kwa Kenya utaona KESC (Mahakama ya Juu), KECA (Mahakama ya Rufani) na KEHC (Mahakama Kuu). Ukiwa na namba usiandike kitu kingine.

Bila namba, kumbuka lugha. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu za miaka ya nyuma za mahakama za juu ni za Kiingereza. Anayetafuta mgogoro wa ardhi ya kijiji aandike "Village Land Act" au "Cap. 114" (yaani Sura ya 114), na siyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji peke yake. Sheria ya Ardhi yenyewe ni Sura ya 113. Zote mbili ni za mwaka 1999, hivyo kesi ya kabla ya hapo itakuwa na majina mengine ndani yake.

Kiungo nilichopewa kimekufa.

Nakili anwani yote na uiweke kwenye Wayback Machine, web.archive.org, inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za mtandao. Kwa ripoti za serikali zilizokuwa kwenye tovuti za wizara kabla hazijabadilishwa, hapa ndipo mahali pa kwanza pa kwenda. Ikishindikana, chukua jina la faili lenyewe, ile sehemu ya mwisho ya anwani, ulitafute kwenye Google ndani ya alama za kunukuu.

Siwezi kuiuliza akili mnemba tu inipe orodha ya vitabu?

Iulize ikusaidie kukisia tahajia na visawe, kwa hilo inafaa. Orodha ya vitabu usiichukue mpaka umekifungua kila kimoja kwa mkono wako. Nimeletewa orodha zenye majina mazuri ya vitabu, waandishi wa kweli, miaka ya kuridhisha, na kitabu chenyewe hakikupata kuandikwa. Mwanafunzi amepoteza siku tatu akitafuta kisichokuwepo, na mimi nikapoteza ya nne nikihakikisha.

Niandike nini ninapotafuta?

Daftari lenye safu tatu: neno ulilotafuta, mahali ulipolitafuta, ulichopata. Andika na pale ulipokosa. Ukipata ukurasa, nakili kiungo cha ukurasa huo na siyo cha kitabu kizima, na uandike namba ya ukurasa iliyochapwa kwenye karatasi. Namba inayoonyeshwa na kisomeo ni ya picha, nayo hutofautiana kwa sababu jalada na dibaji zimehesabiwa.

Nitajuaje kwamba kweli hakipo mtandaoni?

Kama umejaribu tahajia tatu au zaidi, umoja na wingi, Kiswahili na lugha ya watawala wa wakati huo, katalogi na maandishi ya ndani, kwenye maktaba mbili tofauti, basi amua kwamba hakijapigwa picha. Nyaraka zetu nyingi ziko hivyo: mafaili ya wilaya, daftari za misheni, barua za walimu, yako kwenye masanduku katika nyumba za kumbukumbu za Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, na sehemu kubwa bado haijaingia mtandaoni.

Hata hivyo kazi uliyofanya haijapotea. Pitia tanbihi za makala na tasnifu ulizozipata njiani. Mtafiti aliyekutangulia atakuwa ameandika namba ya faili alilolisoma. Inakili kama ilivyo, pamoja na kila nukta na mkwaju, maana ukimkabidhi mtunza kumbukumbu karatasi yenye namba ile, ataingia ndani na kukuletea faili.